Mdomo wa Kipepeo, Sauti ya Mama Mdogo

Usijifanye hunijui. Ulikuwepo.

Ulikuwa umekaa pale ukumbini, upande wa ile feni inayozunguka kwa kulazimishwa. Nilipolala chali jukwaani, gitaa tumboni, miguu inarusha mateke hewani kama mende aliyepuliziwa dawa, ulicheka mpaka ukamshika jirani yako bega. Sikulaumu. Hata mimi ningecheka.

Ninachokulaumu ni cha kesho yake, Jumapili, mama mtu mzima alipokuwa anakohoa mbele ya maiki na wewe ghafla ukakumbuka kwamba una simu. Ukaiinamia kwa heshima zote, utadhani unaomba dua. Wenzako wakatazama dari. Dari la ukumbi ule halina kitu. Nalijua, nimelitazama miaka mingi.

Basi kaa hapo hapo, nikusimulie ulichokataa kuona.

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita walilifutia vioo: mimi ni mpiga gitaa la solo katika bendi ambayo mwenye nayo anataka tumwite Mkurugenzi. Mwimbaji wetu mkuu ni mama mdogo wangu, aliyenyonya ziwa moja na mama yangu mzazi. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyenipa gitaa la kwanza. Mama mdogo anaimba amesimama wima, mikono ameifumbata tumboni, macho ameyafumba. Mkurugenzi akasema anafanana na mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Akaagiza mtaalamu wa mbwembwe za jukwaani, na mama mdogo akapewa nafasi ya mwisho: achangamke, au apumzishwe. Niliwaacha mtaalamu huyo akiingia mazoezini na sanduku la nguo zinazometa.

Alijitambulisha kuwa ni Profesa. Wa nini, hakusema.

"Muziki watu wanao nyumbani," alituambia, akizunguka jukwaa kama anapima kiwanja. "Hapa wamekuja kuona."

"Kuona nini?" nikamuuliza.

"Kukuona wewe unateseka kwa furaha."

Akanivalisha koti lenye vishada kwenye mikono. Zuri sana, kama una kazi ya kuongoza gwaride. Lakini kila nilipoteremka kwenye nyuzi nyembamba, kishada kiliingia kati ya nyuzi, na noti ikafa kabla haijazaliwa.

"Profesa, koti linakula sauti."

"Lakini linameta?"

"Linameta."

"Sasa shida iko wapi?"

Nikafundishwa kulala chali. Nikafundishwa kupiga gitaa nyuma ya kisogo, jambo ambalo linawezekana kabisa iwapo hujali ni wimbo gani. Mpiga besi, mtu mzima mwenye wajukuu, akafundishwa kuruka kichurachura.

Mpiga dramu wetu, tunayemwita Fimbo, hakuitwa mazoezini. Mkurugenzi alimwambia: "Wewe umekaa muda wote. Mtu aliyekaa atachangamka nini? Pumzika nyumbani." Kwa hiyo wiki nzima tulifanya mazoezi kwa dramu za mashine ya fundi mitambo. Hilo likumbuke, maana ndilo lililotupiga mwereka.

Kisha ikafika zamu ya mama mdogo.

"Mama, fungua macho. Watazame watu," Profesa akamwambia.

"Baba, nikifungua macho nitamwona yule anayepiga miayo. Nikishamwona, basi namwimbia yeye tu mpaka wimbo unaisha. Wengine wote wanakuwa wamenipotea."

"Basi tembea kidogo."

"Niende wapi?"

Kipepeo, mnenguaji wetu, akaangua kicheko. Profesa akamtazama mama mdogo kwa muda, akaamua kumwacha alivyo na kuturusharusha sisi wengine kumzunguka. Akatunga na kilele: wimbo wa mwisho ukifika juu kabisa, magitaa yote matatu, la solo, la besi na la kusindikiza, yanyanyue shingo kwa pamoja kuelekea juu. Mwenyewe aliita "kufungua mbingu".

Sasa nikueleze kitu ambacho kila mwanabendi anakijua na hakuna anayekisema. Jukwaani mpiga dramu hasikii maneno ya mtu. Anachofanya ni kutazama shingo ya gitaa la solo. Nikiinyanyua shingo, maana yake: kata, wimbo umekwisha. Tumefanya hivyo tangu wote tukiwa na nywele. Imekuwa kama kupepesa jicho, na nani anakumbuka kwamba anapepesa jicho?

Wiki nzima tukainyanyua mbele ya mashine isiyo na macho. Hakuna hata mmoja wetu aliyestuka.

Jumamosi ikafika. Nililala chali, mkacheka. Mpiga besi akaruka kichurachura, suruali ikamwachia kwenye mshono, mkacheka zaidi. Mama mdogo alikuwa katikati ya purukushani hiyo, kama mtu aliyesimama kwenye mvua ya mawe na wala haimgusi. Wimbo ukapanda. Ukapanda tena. Tukafungua mbingu.

Fimbo akaona shingo moja juu. Akaona ya pili. Akaona ya tatu. Maishani mwake hajawahi kupewa amri nzito namna ile. Akakata.

Kimya.

Sisi watatu tumebaki magitaa juu, kama majambazi waliozingirwa na polisi. Mpiga besi ananitazama mimi. Mimi namtazama Fimbo. Fimbo anatutazama wote, fimbo zake mapajani, uso wa mtu aliyetimiza wajibu.

Na mama mdogo, macho kafumba, hakuona lolote. Akaendelea.

Sauti yake ikabaki peke yake ukumbini. Haikuwa na besi ya kuiegemea wala kinanda cha kuifunika. Ubeti wa mwisho wote, polepole, kama mtu anayeongea na mwanawe aliyelala. Mhudumu aliyekuwa anafungua soda aliacha kizibo kimening'inia. Sikuthubutu hata kushusha gitaa, mabega yananiwaka moto.

Alipomaliza, mlisimama. Usibishe. Wewe ulikuwa na machozi, ukajidai ni jasho.

Nikaingia chumba cha nyuma, kule kwenye makreti ya soda, nikiwa na raha ya mtu anayekwenda kushuhudia mwenzake akifukuzwa kazi. Mbwembwe za Profesa zimezima wimbo, na aliyesimama tu ndiye aliyeokoa onyesho. Ushahidi gani zaidi?

Mkurugenzi alikuwa anatweta. "Kile kitu kimefikiriwa na nani?"

Fimbo, mtu mwema, akanyoosha mkono kuomba radhi. "Bosi, unisamehe, mimi niliona shingo..."

"Mimi," akasema Profesa.

Tukamgeukia.

"Niliwaficha makusudi," akasema, bila hata aibu ya kukohoa. "Mshangao haufanyiwi mazoezi."

Mkurugenzi akamkumbatia.

Fimbo akauliza kwa upole, "Kwa hiyo sikukosea?"

Profesa akamtazama kutoka juu hadi chini. "Samahani, wewe ni nani?"

Mkurugenzi akapiga makofi kutunyamazisha. "Kesho tena. Vile vile. Ila tuongeze."

Tuongeze! Neno hilo limezika bendi nyingi kuliko pombe. Wakaongeza mashine ya moshi. Wakaongeza feni ya kupeperusha gauni. Wakaamua kwamba kimya kikiingia tu, mama mdogo apige magoti, afungue macho, na ikiwezekana alie.

"Nikipiga magoti naendelea kuimba?" mama mdogo akauliza.

"Unaendelea, mama. Nafasi ni yako," Mkurugenzi akajibu.

"Basi nitapiga. Maisha yangu yote nimedeki. Magoti yangu na sakafu wanafahamiana."

Jumapili mlirudi, na wengine mlileta jamaa zenu. Swali langu ni hili: nani alinyanyua shingo ya gitaa jioni ile? Ni mimi. Mimi mwenye midomo mirefu, ninayewakumbusha watu waliyoyafanya kabla hawajaoa. Niliambiwa nyanyua, nikanyanyua. Nilijiambia kwamba namsaidia mama mdogo abaki.

Fimbo akakata. Moshi ukatoka wote kwa pamoja, mwingi kiasi cha kuita zimamoto. Mama mdogo akapiga magoti, akafungua macho, akafungua mdomo.

Akakohoa.

Akajaribu tena. Akakohoa tena, mpaka bega likatikisika. Feni ikamfunika uso kwa gauni lake mwenyewe. Akataka kusimama, kisigino kikakanyaga upindo, akarudi chini kwa mikono miwili. Mstari wa mbele wakacheka, wakidhani na hiyo ni mbwembwe. Walipogundua siyo, ndipo simu zikatoka mifukoni na dari likapata watazamaji.

Nimelala chali, nimevaa vishada, nimerusha mateke. Nilionekana mpumbavu na nilijua, kwa hiyo upumbavu ule ulikuwa wangu. Yeye hakuwahi kuonekana hivyo hata siku moja, na hakuchagua.

Jumatatu Mkurugenzi akaita kikao. Nilidhani atamwomba radhi. Ndiyo, bado nina tabia ya kudhani.

Akamwashiria fundi mitambo, na spika zikatoa sauti ya mama mdogo. Ile ya Jumamosi, ukimya wote, ubeti wote, safi kama maji ya mtungi. Fundi alikuwa ameirekodi.

"Sauti tunayo," Mkurugenzi akasema. "Haikohoi, haichoki, haizeeki. Tulichokosa ni mwili." Akamnyooshea kidole Kipepeo. "Ukimya ukiingia, fundi anabonyeza. Wewe unafungua na kufunga mdomo, unafanya manjonjo yako. Mama yetu tunampandisha cheo. Ni Mshauri wa Sauti. Atakaa nyuma ya pazia, awe wa akiba mashine ikikwama."

Mama mdogo alishukuru kwa kichwa, kama mtu aliyepishwa kiti.

Nikasimama. "Chama cha wanamuziki kinapinga."

"Chama kipi?"

"Changu."

"Kina watu wangapi?"

"Kinakua."

Hapo hata mpiga besi alicheka, na nilikuwa nimemtegemea awe katibu. Nikamgeukia Fimbo. Fimbo akainamisha kichwa. "Kaka, mimi nafuata shingo tu."

"Basi nitauchomoa waya," nikasema.

Fundi mitambo alinijibu kwa utaratibu, kama anamwelekeza mgeni njia. "Chomoa. Nitatangaza hitilafu ya umeme. Watu watatupa pole, nitachomeka, watapiga makofi kuliko mwanzo. Watu hawana hasira na umeme, kaka. Wameshauzoea."

Na alisema kweli. Hilo ndilo lililonichoma.

Juzi nilikwenda nyumbani kwa mama mdogo. Nilimkuta anapiga pasi gauni lile lile la jukwaani, anazunguka upindo ulioraruka kwa uangalifu. Nilianza hotuba. Nilikuwa nimefika kwenye haki za msanii mlango ulipogongwa.

Alikuwa Kipepeo, hana wanja, hana kishungi cha bandia. Nusura nisimjue.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ingia. Vua viatu tu, nimedeki."

Kipepeo akakaa ukingoni mwa kiti. "Mama, nimekuja kuuliza. Ule ubeti, unapumua wapi? Mdomo wangu unachelewa. Profesa anasema nifumbe macho tu nitapatia, lakini nikifumba macho mimi naanguka."

Nikaruka. "Umekuja kumwibia mpaka pumzi!"

"Wewe nyamaza," mama mdogo akaniambia bila kunitazama. "Huyu ni mgeni wangu. Na ungemwacha amalize, kama unavyotaka watu wakuache umalize."

Akaweka pasi pembeni. Akauchukua mkono wa Kipepeo, akauweka kwenye mbavu zake.

"Hapa naingiza. Umesikia? Hapa siingizi, ingawa nataka. Natumia iliyobaki. Ndiyo maana neno hili linatetemeka. Watu wanadhani ni uchungu. Ni hewa imekwisha."

Akaimba chini chini, na Kipepeo akafungua mdomo bila sauti. Mara ya kwanza akachelewa. Mara ya pili akawahi. Mara ya tatu ilikaa.

Ilikaa barabara, ndugu msomaji. Sauti ya mama mdogo ilikuwa inatoka usoni kwa binti yule. Hata ule mtetemo ulipofika, midomo yake ilitetemeka. Ningekuwa ukumbini ningeapa ni yeye.

Kipepeo akaondoa mkono kama aliyegusa pasi.

"Siwezi, mama."

"Unaweza. Umeshaweza."

"Ndiyo maana siwezi." Akafuta uso kwa kiganja. "Mimi kiuno changu ni changu. Watu wakikishangilia najua wamenishangilia mimi. Hiki watashangilia nini? Na wewe upo pale nyuma ya pazia unasikia."

"Basi kataa!" nikadakia.

"Nikikataa, kaka, mchana huo huo analetwa mwingine, tena asiyekuja kuuliza." Akavuta kiti mbele. "Ila watu wenyewe wakimtaka mwenye sauti, mimi nafunga mdomo pale pale, nasogea pembeni. Mkurugenzi anaweza kugombana na sisi. Hawezi kugombana na ukumbi mzima."

"Watu gani?" mama mdogo akauliza. Akaishika tena pasi. "Hawa wa Jumapili?"

Nilitaka kusema kitu kuhusu umma. Nimesoma vitabu vya watu waliosema vizuri sana kuhusu umma. Hakuna sentensi hata moja iliyokuja.

"Nitakwenda Jumamosi," akasema baadaye. "Nitasimama nyuma ya pazia, kama nilivyoambiwa. Wakiniita nitatoka, nitaimba nimesimama kama ninavyosimama. Wasiponiita, nimeacha. Sitaimba tena, wala hapa ndani nikipika. Sitaki kusikia sauti yangu kwa mtu wa pili nikabaki nayo ya akiba."

"Mama mdogo, usiseme hivyo."

"Nimeshasema, mwanangu. Nipishe, unasimama kwenye waya wa pasi."

Huyo humjui kama ninavyomjua mimi. Aliwahi kumnyima salamu jirani kwa neno moja tu, mpaka jirani akahama. Akisema ameacha, ameacha.

Sasa mimi sina la kufanya jukwaani. Nikigoma kunyanyua shingo, mpiga besi atanyanyua yake. Waya nimeshakuambia. Chama changu, mpaka naandika hapa, bado kinakua. Mhariri naye ameniomba nisichochee watu, kwa hiyo sikuchochei. Nakutuma.

Jumamosi jioni utakuwa pale. Taa zitashuka, moshi utatoka, dramu zitakatika. Utasikia sauti itakayokusimamisha nywele, na mbele yako atakuwa binti mzuri anayefungua mdomo. Utajua si yake, maana nimekuambia. Wakati huo utageuka kumtazama jirani aanze yeye. Naye atakutazama wewe. Mtatazamana hivyo mpaka wimbo uishe, na nyuma ya pazia mwanamke atakunja gauni lake, atakwenda nyumbani bubu.

Kwa hiyo usingoje Jumamosi. Anza leo, kukiwa bado mwanga na hakuna jirani wa kumtazama. Dirisha la tiketi liko wazi sasa hivi. Pita pale, mwambie karani kwamba umelipa kumsikia mwenye sauti, naye amfikishie Mkurugenzi. Huna nafasi ya kupita? Simu ya ukumbi iko kwenye bango, chini ya picha ya Kipepeo. Ipige. Wakikuambia mtu wa kushughulikia hayupo, sema utasubiri hapo hapo kwenye laini, kisha subiri kweli.

Sentensi ni moja, hata mlevi anaiweza: "Mleteni mwenyewe mbele."

Kurasa za michezo ziache kwanza, timu yako imeshafungwa. Kunja gazeti. Vaa viatu. Nenda.